Kabureta ya Mbele

Mimi kusaidiwa sipendi. Mke wangu husema hata jeneza langu nitataka kulibeba mwenyewe, na katika hilo simpingi, maana wabebaji wa siku hizi hawatazami wanapokanyaga. Kwa tabia hiyo hiyo gari langu nimelitunza kwa mikono yangu miwili kwa miaka ishirini na saba. Fundi aliyethubutu kufungua boneti yake bila ruhusa aliondoka na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake.

Ni Datsun ya spoti ya mwaka sabini na mbili, rangi ya chungwa, milango miwili, viti viwili, na pua ndefu kuliko sehemu yote iliyobaki nyuma yake. Watoto wa mtaa wetu waliliita Pua. Mtaa nao haukosi maneno, nami nikawa Mzee Pua nikiwa na miaka thelathini na mitano, sina hata mvi moja. Nililikuta nyuma ya ghala la saruji, limekalia rimu, kuku wanataga nyuma ya viti. Mke wangu wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Alilizunguka mara moja, akashika kiuno, akauliza, "Hawa wawili watakaa wapi? Na huyu aliye njiani je?" Niliinama nikaanza kuwafukuza kuku.

Nilikuwa mchapaji. Miaka thelathini na mmoja nilisimama kando ya mtambo mmoja, tukachapa daftari za shule, kalenda, kadi za harusi na vitabu vya risiti. Vipande vya kadi ngumu vilivyobaki nilivibeba nyumbani nikavikatia gasketi za injini kwa kisu cha ofisini. Kutu nilikuwa nikiisaka kila mwisho wa mwezi, nimelala chali chini ya gari na tochi, maana bati la miaka ile kutu hailiombi ruhusa. Kwenye kabureta nilitia mafuta ya cherehani, matone machache tu. Mke wangu alikuwa akishona mapazia, akikuta kichupa kitupu anajua mafuta yamekwenda wapi.

Kabureta zenyewe ndizo roho ya gari hili, na ndizo roho ya habari hii. Zipo mbili. Ya mbele inalisha silinda tatu, ya nyuma inalisha tatu, na zisipovuta hewa sawasawa injini inatetemeka na petroli inakwenda bure. Vijana wa gereji wana kipimo cha kuziwekea. Mimi nina kipande cha mpira, urefu wa mkono. Unafungua kichujio cha hewa, unaliwasha gari, ncha moja ya mpira unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza pumzi yake. Kisha unahamia ya pili. Unageuza skrubu kidogo, unasikiliza tena, hadi pumzi mbili ziwe moja. Mimi ya mbele niliisikiliza kwa sikio la kushoto na ya nyuma kwa sikio la kulia, kwa sababu ndivyo mwili unavyotaka ukiwa umesimama upande ule wa gari. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama usivyofikiria unaanza kuvaa kiatu cha mguu gani.

Kuna daktari wa meno, mtaa wa pili, aliyekuwa akilitamani Pua kwa miaka tisa. Kila tukikutana ananiuliza, "Mzee, bado tu?" Siku moja kwenye harusi, mbele ya watu na vipaza sauti, nilimjibu jibu la kudumu. Siku nitakaposhindwa kuzilinganisha kabureta zake kwa sikio langu mwenyewe, njoo ulichukue. Watu walipiga makofi. Nilisema vile kwa kuwa niliamini siku hiyo haipo, na neno la mwanamume aliyesifiwa hadharani ni gumu kulimeza.

Watoto walipoondoka nyumbani, mmoja baada ya mwingine, ndipo gari lilipotutosha. Kila Jumapili asubuhi tulipanda barabara ya kilimani, mimi kwenye usukani, mke wangu kushoto kwangu, hadi kwenye mgahawa ulio juu kabisa, tunakunywa chai, tunateremka. Naomba mniamini, hakuna raha kama ile. Usukani mwembamba unakwambia kila kokoto. Ukirudi gia ya tatu kabla ya kona, injini inabadili sauti, na pua ile ndefu inaingia konani bila ubishi. Gari za leo zinakubeba tu. Hili linakuuliza unataka nini.

Zamani mke wangu alikuwa msemaji sana humo garini. Ni dereva wa basi la shule, miaka ishirini na miwili sasa, na mtu anayeshinda na watoto sitini ana mengi ya kusimulia. Lakini katika miaka hii miwili ya mwisho alinyamaza. Anaegemea kioo, anatazama nje, basi. Nilifurahi, siwafichi. Nilisema moyoni kwamba hatimaye amelielewa gari, tumefika pale mume na mke hawahitaji maneno. Nilimsifu hata kwa shemeji yangu, mdogo wake, fundi wa majokofu. Shemeji akanitazama kwa namna fulani, akaguna.

Kisha Pua likaanza kutetemeka.

Lilianza kidogo, taa za barabarani zikitusimamisha, boneti inacheza. Nikalaumu petroli. Nikabadili kituo cha mafuta. Nikalaumu plagi, nikanunua mpya, nikamlaumu aliyeniuzia. Nikakaza kila kinachokazika. Nililinganisha kabureta mara nne kwa mwezi mmoja, kwa mpira wangu, kwa utulivu wote, na kila nilipomaliza nikiwa nimeridhika lilizidi kuwa bovu. Nilianza kukosa usingizi. Nilimwona daktari wa meno sokoni nikajificha nyuma ya magunia ya vitunguu, mtu mzima na heshima zangu.

"Labda si gari," mke wangu alisema jioni moja, ananipa taulo ya kufutia mikono.

"Si gari, ni nini sasa?"

Alikwenda kuosha vioo vya basi lake, akaniacha na taulo.

Jumamosi shemeji akatokea bila taarifa, mfuko wa maandazi mkononi. Nilikuwa bandani nimeinamia injini. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo.

"Shemeji, mgonjwa wako ana homa. Tazama anavyotetemeka."

"Na wewe una domo. Weka maandazi uende."

"Nipe huo mpira."

"Huu si mpira wa majokofu."

"Nipe, bwana. Nitaula?"

Sijui kwa nini nilimpa. Nadhani nilikuwa nimechoka. Aliinama, akasikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma, akarudi ya mbele. "Hii inavuta kama mtu aliyekimbizwa na mbwa," akasema. "Ile ya nyuma imesinzia."

"Huna sikio wewe."

"Ninalo. Tena mawili."

Nilimnyang'anya mpira. Nikasikiliza ya mbele kwa kushoto, ya nyuma kwa kulia. Sawasawa kabisa. Nikamwambia hivyo, na nikamwongezea machache kuhusu watu wanaozoea kugandisha samaki halafu wanajifanya wanajua injini. Hakukasirika. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Hebu ya mbele uisikilize kwa sikio hilo la kulia."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nifurahishe, shemeji yangu, halafu ule andazi."

Ilinibidi nijipinde, kiuno kikalalamika, nikaupeleka mpira sikio la kulia. Upepo ulinivamia kichwani. Nilidhani kuna kitu kimepasuka. Niliuondoa, nikaurudisha. Kabureta ya mbele ilikuwa inavuta kwa nguvu karibu mara mbili ya mwenzake. Kisha polepole, kwa hiari yangu mwenyewe, nikasikiliza ile ya nyuma kwa sikio la kushoto. Haikuwa kimya. Ilikuwa mbali, nyuma ya ukuta, kama mtu anafagia nyumba ya jirani.

Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo. Mwezi mzima nilikuwa nikilitesa gari kwa mikono yangu. Kwa kila pumzi ya kabureta ya mbele ambayo sikio langu lilishindwa kuisikia, niliifungulia zaidi, hadi ilipokuwa na nguvu ya kutosha kumfikia kiziwi. Nilizima injini. Shemeji, ambaye hata msibani hakosi mzaha, aliukosa.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

Alilivunja andazi vipande viwili, hakula hata kimoja. "Dada ndiye aliyeniita, mzee. Alisema wewe mtu humwamini. Labda kabureta zikikwambia, utasikia."

Nilimkuta mke wangu jikoni anachambua mchele. Nilisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza nilijiona ninavyogeuza kichwa kidogo, bega la kulia mbele, kama mtu anayepita mlango mwembamba. Sijui nimekuwa nikisimama hivyo tangu lini.

"Tangu lini umejua?"

"Mwezi uliopita." Hakuacha kuchambua. "Umelala ubavu wa kulia, simu inalia karibu na kichwa chako, hushtuki. Nikaiacha ilie. Ukageuka usingizini, ukaisikia, ukaamka unagomba kwa nini sikukuamsha. Ndipo nilipojua."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilijua umetia pamba masikioni. Nilijua nimeolewa na mtu asiyetaka kunisikia, na nikazoea." Alisema hivyo bila hasira, ndiyo maana iliniuma. "Nyumbani unageuka geuka, hili unalipata, lile unalikosa, mtu hajui. Garini ndiko ulikokuwa hujibu kabisa. Nikaacha kusema."

Nilitafuta kiti. Kumbe kile kimya nilichomsifia kwa watu, kile nilichokiita kuelewana, kilikuwa mwanamke aliyekata tamaa ameegemea kioo. Nilitamani ardhi ipasuke. Badala yake nikasema upumbavu, kama kawaida yangu nikibanwa.

"Nitampigia daktari wa meno aje achukue gari. Nilisema mbele ya watu."

Sinia la mchele lilitua mezani kwa kishindo. "Umpigie umwambie nini? Miaka ishirini na saba nalala na harufu ya petroli. Watoto wangu wamekwenda shule kwa miguu, Pua liko bandani linapakwa nta. Leo umegundua nilikuwa nasema na wewe humo ndani, ndiyo unauza?"

"Ulikuwa unasema nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Nilishayasema mara moja sikujibiwa. Sitayasemea jikoni kama habari za umbeya." Alilivuta sinia karibu. "Kalilinganishe gari lako kwanza. Sikio moja umebaki nalo, au hilo nalo umemgawia mtu?"

Daktari wa masikio, wiki ile ile, alithibitisha. La kulia zima. La kushoto limebakiwa na kidogo, nacho ni cha sauti nzito tu, sauti ya mtu haimo. Aliniuliza nilifanya kazi gani. Nilipomwambia, akauliza kama mtambo ulikuwa upande wa kushoto. Nilimwambia ndiyo, na nikataka kujua kama kuna dawa. Alisema kuna kifaa kinachoweza kusaidia kiasi, akaniandikia niende nikapimwe tena, nami nikaitia karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeshasikia ya kunitosha siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilililinganisha Pua kwa sikio la kulia peke yake. Ilinichukua asubuhi nzima, nimejipinda kama msumari uliotolewa ubaoni. Mara mbili mkono ulinisaliti ukaupeleka mpira kushoto kwa mazoea. Mwishowe pumzi mbili zikawa moja. Niliweka glasi ya maji juu ya injini, maji hayakutikisika ila kwa duara ndogo katikati. Shemeji, aliyekuja kushuhudia, alipiga mluzi. "Kwa hiyo hukushindwa," akasema. "Daktari wa meno aendelee kung'oa meno." Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kiasi.

Jumapili tukaondoka kama kawaida. Asubuhi ilikuwa safi, barabara kavu, na gari, niseme ukweli wangu, lilikuwa tamu kuliko lilivyokuwa kwa miaka miwili. Kwenye kona ya kwanza nilirudi gia ya tatu, likapokea bila kinyongo. Nikageuka kumtazama mke wangu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unasemaje?"

Akarudia. Nilisikia injini, nikasikia upepo, nikasikia kama mtu anaongea chumba cha tatu. Ikabidi nigeuze kichwa chote, sikio la kulia limwelekee yeye.

"Tazama mbele!" hilo nililisikia, alilisema kwa ukelele. Tairi mbili zilikuwa zimeshuka kwenye changarawe. Nilirudisha gari barabarani. Nilijaribu tena, kwa kuinama. Nikajaribu kwa kumtaka apaaze sauti. Alipaaza mara moja, kisha akatikisa kichwa, maana kuna maneno ambayo hayapaazwi. Nikamwona anarudi kwenye kioo chake, bega kwanza, halafu paji la uso.

Nilielewa basi, pale pale, na sikuhitaji daktari. Gari lilikuwa zima. Ningeweza kulilinganisha hadi nife, nikipenda, na kuliendesha kila Jumapili kwa raha zangu zote, na mke wangu angekaa kushoto kwangu, upande uliokufa, hadi mmoja wetu azikwe. Neno langu kwa daktari wa meno lingekuwa halijavunjwa. Viti ni viwili tu. Usukani ni mmoja, na uko kulia.

Lazima mjue kwamba mke wangu hakuwahi kuliendesha gari hili. Hata kulitoa bandani. Mtu anayeendesha basi la watoto sitini kwa miaka ishirini na miwili bila kumkwaruza mtoto wa mtu, mimi nilimwambia mkono wake ni wa basi, utanivunjia gia. Nilimwambia hivyo mbele ya ndugu zake. Hakuwahi kuomba tena.

Nilisimamisha gari kando ya barabara, nikateremka, nikalizunguka kwa mbele. Ile pua ni ndefu, inampa mtu muda wa kubadili nia. Nikamfungulia mlango.

"Hamia kule," nikamwambia.

Alinitazama. "Wewe mzima?"

"Sikio moja. Hamia, mama watoto, kabla sijabadilika."

Alihamia. Alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo cha kutazamia nyuma, kioo ambacho hakijaguswa tangu mtoto wetu wa tatu azaliwe. Akakanyaga klachi mara mbili kuijaribu. Mimi nilikaa kushoto, magoti yamenifika kidevuni, sikujua mikono niiweke wapi. Akatia gia ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikwaruza, sauti ya kunikata maini. Niliuma ulimi.

"Sema," alisema, "najua unataka kusema."

"Sisemi kitu. Sema wewe."

Sauti yake iliniingia kulia, karibu, nzima, na pumzi zake ndani yake. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Alipita kona mbili, anayazoea mabega ya gari. Kisha akaanza, macho yake barabarani.

"Ilikuwa mwaka juzi, shule zimefunguliwa. Tulikuwa hapa hapa, kwenye mwinuko huu. Nilikwambia nimeona uvimbe kwenye titi. Nilikwambia Ijumaa nilikwenda hospitali peke yangu, wamekata kipande wakapime, na majibu ni baada ya siku tisa. Nikakwambia naogopa. Ukanyoosha kidole, ukasema, 'Umeisikia hiyo?' Ulikuwa umerudi gia ya tatu."

Niliukumbuka mwinuko, nikaikumbuka hata gia. Yeye sikumkumbuka.

"Majibu?" nilisema mwishowe.

"Salama. Hakikuwa kitu cha kuogopa. Lakini siku tisa, mume wangu. Siku tisa nilipakia watoto wa watu asubuhi, nikawashusha mchana, nikarudi nikakupakulia chakula, na wewe unanieleza habari za plagi. Nilidhani umenisikia. Nilidhani umesikia, na hilo ndilo jibu lako."

Lori lilitokea juu, likatupita likiteremka. Alipunguza mwendo, akarudi gia ya pili, ikakwaruza tena, na safari hii haikunigusa popote. Nilikuwa nalia, mtu mzima, nimeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Rudia," nikamwambia.

"Hukusikia?"

"Nimesikia kila neno. Rudia, safari hii nikujibu."

Alinitazama mara moja, haraka, akarudisha macho barabarani. Akaanza upya, tangu Ijumaa ile.